Sahani ya detekteri: kubwa si lazima iwe bora



Katika vikundi vyetu vya likelemba kumeingia ombi jipya. Kijana wa nyumba, au mume, au shemeji, anakuja na kusema: "Mama, tupatie makuta tununue sahani kubwa ya detekteri. Ile ndogo haifiki chini." Detekteri yenyewe, ile mashine ya kutafutia metali ardhini, tayari anayo, mara nyingi ya mkono wa pili. Anachotaka sasa ni sahani, ile duara iliyo mwisho wa fimbo, ambayo kwa Kifaransa wanaiita diski. Anaahidi kuleta sarafu za zamani, misalaba ya shaba na mitrai ya kuuza kwa kilo.

Makuta ya likelemba ni ada ya shule, ni mfuko wa unga, ni dawa ya mtoto. Kabla hayajatoka, mama anapaswa kujua anachonunua. Na jambo hili si gumu kama vijana wanavyolionyesha.

Sahani inafanya nini

Ndani ya sahani mna waya wa shaba uliozungushwa mara nyingi. Betri hupitisha umeme humo, na umeme huo hutuma nguvu ya sumaku ardhini. Nguvu hiyo ikikuta metali, umeme mdogo huamka ndani ya metali yenyewe na kurudisha jibu. Sahani hulisikia jibu hilo, na mashine hulia. Ni hayo tu.

Kutokana na hayo mnapata jibu la kwanza. Mashine hii hulia kwa metali iliyo metali tayari: sarafu, msumari, pete, waya, risasi. Malakiti ya kijani si metali safi. Ni jiwe ambalo shaba imefungwa ndani yake, na umeme haupiti humo kama unavyopita katika sarafu. Jiwe jeusi la kobalti nalo si kobalti safi. Kwa hiyo kijana akiwaambia kwamba sahani kubwa itamwonyesha mshipa wa malakiti chini ya parseli, mwambieni kwa upole arudi akaulize vizuri. Mtu asichimbe shimo ndani ya uwanja wa nyumba kwa kuamini mlio wa detekteri. Tumeona Kasulo jinsi mashimo yalivyofika hadi chini ya vyumba vya kulala.

Ukubwa: fikiria maharage

Sahani ndogo zina upana wa sentimita 12 hadi 15 hivi. Za kati, ambazo mara nyingi huja pamoja na mashine, ni sentimita 23 hadi 28. Kubwa huanzia sentimita 33 kwenda juu.

Ni kweli kwamba sahani kubwa hufika chini zaidi. Watumiaji wana kipimo cha haraka: katika ardhi nzuri, sarafu moja husikika kwenye kina kinachokaribia upana wa sahani. Lakini ukiongeza upana mara mbili, kina hakiongezeki mara mbili. Na kipimo hicho ni cha ardhi nzuri. Katika ardhi mbaya kina hupungua sana.

Sasa fikiria unavyochagua maharage. Ukimwaga kilo tatu kwenye ungo kwa mara moja, jiwe dogo linajificha katikati na utalikuta mdomoni. Ukitandaza mkono mmoja tu wa maharage, kila jiwe linaonekana. Sahani kubwa ni kama ungo uliojaa: inaona mahali papana kwa mara moja, na kama hapo pana misumari sita, vifuniko vya chupa vitatu na sarafu moja, inasikia kelele moja tu. Mlio wa sarafu unamezwa na mlio wa chuma. Sahani ndogo inapita kati ya takataka na kusikia kitu kimoja kimoja.

Hapa Kolwezi watu wanaishi juu ya metali. Mji huu ulianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1930 na Union Minière, na tangu hapo ardhi yake imepokea misumari, nyaya, bolti, makopo na vipande vya mabati. Mahali ambapo watu wamekaa muda mrefu ndipo sarafu zilipoanguka, na ndipo takataka zilipo nyingi zaidi. Kwa hiyo anayetafuta sarafu katika kartiye za zamani anahitaji sahani ndogo au ya kati. Kubwa itamchosha mkono na masikio.

Kubwa ina kazi yake: shamba wazi lisilo na takataka, na vitu vikubwa vilivyo chini sana, kama kipande kizito cha chuma. Lakini ni nzito. Muulizeni kijana kama ataweza kuizungusha saa nne mfululizo juani.

Umbo la waya ndani

Kuna aina mbili zinazouzwa sana. Katika ya kwanza, duara moja la waya limewekwa katikati ya jingine, kama sufuria ndogo ndani ya sufuria kubwa. Nguvu yake hushuka kama pia, pana juu na nyembamba chini. Inaonyesha vizuri mahali kitu kilipo, lakini hupata taabu ardhi ikiwa na chuma nyingi ndani yake.

Ya pili huitwa Double-D, kwa sababu waya zake zina umbo la herufi D mbili zilizopeana mgongo na kupandana kidogo katikati. Nguvu yake hushuka kama upanga, kutoka mbele hadi nyuma ya sahani. Inafagia mahali pengi kwa kila mkupuo, na inavumilia ardhi ngumu kuliko ile ya kwanza.

Udongo wetu mwekundu unapata rangi yake kutokana na chuma. Ongezeni mabaki meusi ya viwanda vya kuyeyushia, yale yanayotupwa hata barabarani kujazia mashimo. Ardhi kama hii hutoa mlio hata pasipo na kitu. Kwa hiyo kwa Kolwezi, Likasi au Kambove, Double-D ndiyo ya kuchagua. Na hapa pia ndogo ina faida: inaona udongo kidogo kwa mara moja, basi inasumbuliwa na udongo kidogo. Mtu akitumia kubwa katika udongo huu, anaweza kulipa zaidi na kusikia pungufu.

Sarafu gani anaitafuta?

Hili pia mama aulize, kwa sababu sarafu zetu hazilii sawasawa. Faranga 2 za mwaka 1943, zenye pembe sita na tembo, ni za shaba nyeupe na hulia wazi. Faranga 1 na faranga 5 za Katanga za mwaka 1961, zenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande mwingine, ni za shaba iliyochanganywa. Hizo nazo hulia vizuri. Lakini sengi 10 ya mwaka 1967 ni ya alumini, nyepesi kama jani. Hulia karibu kama kipande cha kopo la soda. Asiyekuwa na subira ataipita, au atachimba makopo mia kwa ajili yake.

Tunasema "makuta" kila siku kwa maana ya pesa. Likuta lenyewe, sarafu ndogo ya alumini ya mwaka ule ule wa 1967, watoto wetu hawajaliona. Kumwonyesha mtoto moja na kumweleza ni somo zuri. Kulitegemea lilipe ada ya shule ni jambo lingine.

Misalaba ya shaba

Hapa naomba mnisikilize kwa makini. Msalaba wa shaba, tunaouona katika sanamu na katika bendera ya Katanga ya 1960, ulikuwa pesa ya wazee wetu muda mrefu kabla ya faranga. Tunajua hivyo kwa sababu ya makaburi.

Mto Lualaba ukitoka kwetu Nzilo hushuka hadi Bukama na kuingia bonde la Upemba. Huko Sanga, kando ya ziwa Kisale, Jacques Nenquin na Jean Hiernaux walichimba mwaka 1957 na 1958, na Pierre de Maret aliendelea katika miaka ya 1970. Hawakuokota misalaba tu. Waliandika kila mmoja ulikuwa wapi: huu mkubwa juu ya kifua, hii midogo iliyolingana karibu na mikono au kiunoni. Kadiri makaburi yalivyokuwa ya karibu na nyakati zetu, misalaba ilizidi kuwa midogo, mingi na ya kulingana. Hapo ndipo walipoelewa kwamba kitu cha heshima kilikuwa kimegeuka pesa ya kuhesabu.

Kijana mwenye detekteri akipita kwanza na kuutoa msalaba, anabaki na kipande cha shaba mkononi. Habari yote iliyokuwa kaburini imekufa, na hairudi tena. Isitoshe, ni kaburi. Hakuna mama hapa atakayekubali mtu apekue kaburi la mama yake kwa sababu mashine imelia.

Sheria nayo iko. Amri yenye nguvu ya sheria namba 71-016 ya tarehe 15 Machi 1971 inalinda mali ya utamaduni wa nchi. Kuchimba vitu vya kale kunahitaji ruhusa ya serikali, na kitu cha kale kilichopatikana kwa bahati kinapaswa kutangazwa kwa wakubwa. Akikuta msalaba au chungu shambani, auache mahali pake, afunike, amwambie chifu. Makumbusho ya Taifa ya Lubumbashi ndiyo nyumba ya vitu hivyo katika upande wetu.

Mlio usiochimbwa

Vita vilipita hapa. Mwaka 1977 vilipita Dilolo, Kisenge na Mutshatsha, na mwezi wa Mei 1978 vikaingia Kolwezi yenyewe. Risasi, gruneti na kombora ni metali, na sahani huzisikia kama inavyosikia sarafu. Sahani kubwa huzisikia hata zikiwa chini zaidi. Hakuna mlio unaosema "mimi ni bomu".

Kwa hiyo mtoto asiende kabisa na mtafutaji, wala asipewe jembe la kuchimbua mlio. Kikionekana kitu kirefu cha chuma chenye ncha, au duara zito lenye kutu ambalo hamlijui, msiguse, msigonge, msibebe hadi kwa mnunuzi wa mitrai. Wekeni alama kwa mbali, ondoeni watoto, mwambieni mkubwa wa kartiye na polisi. Vivyo hivyo kwa mlio mrefu unaofuata mstari ulionyooka: huenda ni waya wa umeme au bomba la maji. Jembe likikata waya wenye umeme, likelemba italipa matanga.

Kabla makuta hayajatoka

Mkikaa kwenye mkutano, ulizeni hivi, na mwandishi wa kikundi aandike majibu:

1. Atatafuta nini, na wapi? Kama ni sarafu penye takataka, sahani ndogo au ya kati. Kama ni chuma kikubwa katika shamba wazi, ndipo kubwa ina maana. Kama ni malakiti, hakuna sahani ya kazi hiyo.

2. Mwenye shamba au parseli amekubali? Ruhusa itolewe mbele ya mashahidi, pamoja na mgawanyo wa kitakachopatikana.

3. Sahani inaoana na mashine yake? Sahani ya mashine moja mara nyingi haifanyi kazi kwenye nyingine, hata kama plagi inaingia. Angalieni jina na modeli ya mashine kwenye sahani yenyewe.

4. Imejaribiwa? Fukieni sarafu kwenye kina cha sentimita 10, nyingine sentimita 20, katika udongo wetu mwekundu na si juu ya meza ya duka. Wekeni msumari kando ya moja. Muuzaji apitishe sahani mbele yenu. Kisha atikise waya polepole: mashine ikilia kwa kutikiswa tu, waya umekatika ndani.

5. Ni ya maji? Nyingi zinaweza kuingia mtoni, lakini kisanduku chenye betri mara nyingi hakiwezi. Msije mkapoteza vyote viwili.

6. Je, sahani aliyo nayo ameitumia vizuri? Wengi huiinua mwishoni mwa kila mkupuo, kama anayefagia kwa haraka. Sahani ikikaa karibu na ardhi, ikienda polepole, na kila njia ikipanda kidogo juu ya ile iliyotangulia, itasikia vitu ambavyo mwenyewe alidhani viko mbali mno. Hili halina bei.

Akijibu yote sita vizuri, mnaweza kumkopesha kwa maandishi, na tarehe ya kurudisha. Anayetaka kubwa kwa sababu tu ni kubwa, mwambieni aanze na ile aliyo nayo, mwezi mmoja, katika shamba la nyumbani, na alete kila alichochimba akiweke mezani mbele ya kikundi. Misumari itazungumza yenyewe.

Tuonane wiki ijayo. Mbaki na amani.