Mizizi ya Azimio ipo Itigi pia

Azimio la Arusha la Februari 1967, lililotangaza siasa ya ujamaa Tanzania, husemwa kuwa ni tunda la vitabu ambavyo Mwalimu Nyerere alivisoma Edinburgh. Hiyo ni nusu ya ukweli.

Nusu nyingine iko mashambani, pembezoni mwa Itigi, mkoani Singida: jirani akizidiwa na palizi, wenzake huja na majembe, hupanga mstari, na jioni hula chungu kimoja. Mwaka 1962 Nyerere aliandika kwamba ujamaa ni udugu huo uliopanuliwa; vita vya matabaka vya Marx hakuvihitaji.

Kosa lilikuja mwaka 1973, watu walipoamriwa kuhamia vijijini. Udugu ukageuzwa amri! Hata hivyo, Katiba ya 1977 bado inaitaja Tanzania kuwa nchi ya kijamaa. Wanaodai katiba mpya wasilifute neno hilo kabla ya kuwauliza wakulima wa Itigi.