Mbegha Naye Tusimuuze kwa Lumbesa

Makamanda, leo tuweke katiba pembeni kidogo, tuongelee magemu. Najua kuna watakaosema hii ni mada ya watoto. Sawa, ila mwaka 2023 filamu ya Super Mario Bros., iliyotokana na gemu, iliingiza zaidi ya dola bilioni 1.3 duniani. Mwaka 2025 filamu ya Minecraft ikavuka dola milioni 900. Hizo siyo hela za watoto.

Na sisi Watanzania tumeshatajwa kwenye biashara hii kitambo. Kwenye filamu ya pili ya Tomb Raider, ya mwaka 2003, Lara Croft wa Angelina Jolie anasaka hazina mpaka jirani na Kilimanjaro. Lakini kamera zilikwenda Kenya, Hell's Gate ikiwemo. Mlima wetu ukapata kutajwa, hela ya hoteli, madereva na vibarua ikabaki kwa jirani. Na hata huyo jirani alipata ya msimu tu. Jina la Lara Croft, hadithi yake na mauzo yake vyote vilibaki kwa wenye gemu na wenye studio.

Hapo ndipo penye hoja yangu. Kwenye filamu ya gemu, hela kubwa haiko kwenye mandhari. Iko kwa anayemiliki hadithi.

Serikali yetu inawaza mandhari tu. Mwaka 2022 tukaletewa Royal Tour, Rais akiwa mwongoza watalii. Marekebisho ya sheria ya filamu ya mwaka 2019 nayo yakawataka wageni wanaopiga filamu nchini wakabidhi nakala ya picha walizopiga, ili zitumike kutangaza nchi. Afrika Kusini wao wanamrudishia mwenye filamu sehemu ya gharama alizotumia nchini mwao, na Tomb Raider ya mwaka 2018 ilipigwa huko. Sikatai watalii waje Irente wapige picha. Nauliza tu: kijana wa Lushoto anabaki na nini wakishaondoka?

Sisi wa Usambara tuna historia na jambo hili. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alituma kwao mbegu za ua dogo la zambarau kutoka huku kwetu. Wataalamu wakalipa jina lake, Saintpaulia. Leo linauzwa kwenye vyungu Ulaya na Marekani, na Wajerumani mpaka kesho wanaliita ua la Usambara. Jina letu limo, mfuko wetu haumo.

Sasa fikiria wakija kuchukua hadithi. Tunayo, tena nzito: Mbegha. Anazaliwa Ungulu, anaota meno ya juu kwanza, anaitwa kigego na anatakiwa kuuawa. Anapona. Ndugu wanamnyima urithi. Anaondoka na mikuki na mbwa wake, anafika Kilindi, mtoto wa mkubwa wa huko anakufa wakiwa mawindoni, anakimbia tena. Anapanda milima yetu akiwinda nguruwe mwitu na kugawia watu nyama, mpaka Vugha anaua simba na kupewa ufalme. Simba Mwene! Hiyo ni gemu tayari, hatua kwa hatua, na mwisho kuna simba wa kupigana naye. Abdallah bin Hemedi Ajjemy aliiandika zamani kwa Kiswahili safi katika Habari za Wakilindi.

Kisheria hali iko hivi. Hakimiliki hailindi wazo wala hadithi ya kale, inalinda kazi ambayo mtu ameitengeneza. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 ina sehemu kuhusu sanaa za jadi, na anayezitumia kibiashara nje ya mila zake anatakiwa apate kibali. Lakini sheria yetu inaishia mpakani. Studio ya Los Angeles ikiamua kesho kutengeneza Mbegha, wazee wa Vugha hawana pa kushitaki.

Ila sheria hiyohiyo inatupa mlango. Ukitengeneza gemu, katuni au filamu yako ya Mbegha, kazi hiyo ni yako tangu siku ulipoitengeneza. Mbegha wa hadithi ni wa wote, Mbegha uliyemchora wewe ni wako. Anayemtaka huyo aje mezani na mkataba. Na tunaweza: Vuta N'kuvute ya Amil Shivji ilitoka kwenye riwaya ya Shafi Adam Shafi ikafika tamasha la Toronto mwaka 2021.

Kabichi zetu zinateremka Soni kwenda Dar kwa lumbesa, dalali anapanga bei, mkulima anashukuru. Tukikaa kimya, hadithi zetu zitateremka hivyohivyo.

Kwa hiyo napendekeza chama kibebe mambo matatu. Kwanza, mkopo wa asilimia 4 ya mapato ya ndani ya halmashauri, ule wa vijana, usiishie kwenye bodaboda; kikundi cha wachora katuni na watengeneza magemu nacho kikopeshwe. Pili, mkataba wowote wa kupiga filamu kwenye ardhi ya kijiji usomwe kwenye mkutano mkuu wa kijiji, hadharani, na ajira za wenyeji ziandikwe humo. Tatu, sheria ibadilishwe ili malipo ya kutumia sanaa za jadi yafike kwa jamii yenyewe.

Na wewe unayechora Bumbuli au unayejifunza kodi kwa bando la usiku pale Lushoto mjini, usisubiri tushinde uchaguzi. Tengeneza, andika jina lako, weka tarehe, tunza nakala. Wakija, wakukute una kitu mkononi.