Tusiwape watoto nusu ya habari ya Kiganda



Ndugu wazazi wa Kinanira na kwingineko,

Tukiwauliza watoto wetu ufalme wa Burundi ulianguka vipi, jibu ni moja: Wazungu walikuja na bunduki. Basi! Sisi tunasema hiyo ni nusu ya habari, na wa kulaumiwa ni sisi wazee tuliowapa nusu hiyo.

Mwami Mwezi Gisabo hakuwa dhaifu. Majeshi yake yalimrudisha nyuma Rumaliza, yaani Muhammad bin Khalfan wa Ujiji, tajiri wa pembe na watumwa. Wajerumani nao aliwakatalia kwa miaka. Lakini walipata mlango: Maconco na Kilima, wapinzani wa Mwami, waliungana na mgeni. Tarehe 6 Juni 1903, huko Kiganda, Mwami akalazimishwa kukubali utawala wa Kijerumani, kulipa faini ya ng'ombe 424 na kuwatambua wapinzani wake hao wawili. Nao waliambulia nini? Maconco alikufa mikononi mwa Wajerumani haohao mwaka 1905. Kilima alihamishwa mbali.

Tena lipo jambo tunalolikimbia. Waliobeba bunduki za Mjerumani wengi wao walikuwa askari Waafrika, na miongoni mwao Waislamu wenye Kiswahili hiki hiki chetu. Rumaliza naye alikuwa Muislamu. Dini yetu iliingia mji huu pamoja na wafanyabiashara wa Ujiji na askari hao.

Wako wanaosema, "Tukiwaambia watoto hayo tutauaibisha Uislamu." La hasha! Katika Surat An-Nisaa, aya ya 135, tumeamrishwa kushuhudia haki hata ikiwa dhidi yetu wenyewe. Kinachotuaibisha ni dhulma, na kuificha.

Na hili si suala la mtihani wa shule. Mtoto anayeamini kwamba ubaya wote hutoka nje, siku atakapoitwa amgeuke jirani yake kwa ajili ya kabila au cheo, atajikinga na nini? Nchi hii imezika watu wengi mno mwaka 1972 na baada ya 1993. Tunajua.

Basi leo baada ya Isha tuzime televisheni, tuwakalishe watoto na tuwasimulie Kiganda yote. Kisha tuwaulize: ungekuwa wewe Maconco, ungefanya nini?

Wabillahi tawfiq.