Kasongo na Kabambare: nani analipa mafuta ya redio zetu?

Kwetu Kasongo na Kabambare, redio ndiyo gazeti letu. Asubuhi mkaaji anaifungua ili ajue kama njia ya shamba ni salama, nani amefariki, soko iko namna gani. Kwa hiyo, nani anailipa redio hiyo si swali la wandishi wa habari peke yao. Ni letu sisi wote.

Tuna mfano karibu, ng'ambo ya ziwa Tanganyika. Mwaka 1899, Mjerumani Willy von Roy alianzisha huko Dar es Salaam gazeti la Deutsch-Ostafrikanische Zeitung. Mwanzoni alielewana na serkali ya koloni, nayo ilimpa kazi ya kuchapisha matangazo yake. Mwaka 1906 akaja gavana Rechenberg, wakati wa vita vya Maji Maji. Gavana alitaka uchumi wa inchi utegemee zaidi wakulima Waafrika; walowezi walitaka watu wa kufanya kazi katika mashamba yao. Walowezi ndio waliokuwa wanunuzi wa gazeti, na von Roy akasimama upande wao. Ugomvi ukafika hadi kuanika maisha ya binafsi ya gavana, ukaingia kortini, na mwishowe von Roy akafukuzwa katika koloni.

Kuna watakaosema alikuwa shujaa kwa sababu alipambana na gavana. Mimi sikubali. Kumpinga mkubwa mmoja huku unamtumikia mkubwa mwingine si uhuru. Mwafrika aliyelima pamba hakuwa na sauti katika gazeti hilo. Hata Kiongozi, gazeti la Kiswahili la Tanga, lilitoka katika shule ya serkali.

Sasa tujitazame. Redio nyingi za jamii zinaishi kwa matangazo ya misiba, kwa mradi wa miezi michache, ao kwa mwanasiasa anayeleta jenereta uchaguzi unapokaribia. Mwandishi bila mshahara anangojea pesa ya yule aliyemwita kwenye mkutano. Kule Salamabila, ambako dhahabu ya Namoya imevuta pesa na bunduki pamoja, nani atasema ukweli juu ya mgodi ikiwa mafuta ya redio yanatoka kwa wenye mgodi?

Sheria ya habari ya tarehe 13 Machi 2023 ni ya maana, lakini sheria hainunui mafuta. Tuyanunue sisi: wamama wa soko, wamotari, wakulima, makanisa na misikiti, kila kundi litoe franka kidogo kila mwezi. Na redio nayo isome hesabu yake hewani, itaje kila zawadi na jina la aliyeitoa.

Tukikataa, basi siku mheshimiwa atakaporudisha jenereta yake Kinshasa, tusishangae kubaki bila sauti.