Weka na ya Kutolea

Mwisho wa mwezi simu zetu sisi wanawake tulioajiriwa hazitulii. Kabla hatujatoka ofisini, mama mdogo ameshapiga kutujulia hali, na tukishamwambia sisi hatujambo ndipo anaeleza ya kwake. Mdogo wetu aliye chuo Dodoma kaishiwa hela ya kula. Bati la nyumba ya kijijini limeng'olewa na upepo. Binamu kaona pikipiki inauzwa, anatafuta wa kumshika mkono. Harusi ya mtoto wa jirani ina kikao Jumamosi, na majina ya waliokawia kulipa ahadi yanabandikwa kwenye grupu la WhatsApp, wakwe na wazee wote wanasoma. Kila ujumbe unamalizia kwa maneno yale yale: weka na ya kutolea. Tunaweka na ya kutolea.

Ukoo unahesabu mshahara wa juu kwenye karatasi ya malipo, sisi tunaishi kwa ule wa chini, unaobaki. Hapo katikati kuna kodi ya mapato, inayofika asilimia 30 kwa kila shilingi inayozidi milioni 1 kwa mwezi. Kuna mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwa tuliosomeshwa kwa mkopo wa elimu ya juu kuna asilimia 15 ya mshahara wa msingi, iliyokuwa 8 mpaka sheria ilipobadilishwa mwaka 2016. Juu ya hayo kuna nauli, kodi ya nyumba ya miezi sita kwa mkupuo, ada, na dada wa kazi ambaye naye ana mama yake huko kwao. Tukiyaeleza haya tunaambiwa tunajifanya maskini.

Ofisini nako tumefundishwa kwamba mshahara ni siri. Siri hiyo imewafaa wanaotulipa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri ahakikishe kazi ya thamani moja inalipwa sawa kwa mwanamke na mwanamume, ila mtu atadaije usawa wa kitu asichoruhusiwa kukiuliza? Wapo kati yetu waliomfundisha kijana kazi hatua kwa hatua, wakampa mpaka funguo za kabati, halafu siku moja wakaikuta karatasi yake ya mshahara kwenye mashine ya kuchapishia. Waliisoma, wakaifunika, wakarudi mezani kuendelea na kazi.

Nyumbani ndiko kugumu zaidi. Mshahara wetu ukiwa mdogo kuliko wa mume, tunaambiwa tuombe kwa adabu. Ukiwa mkubwa, tunaambiwa tuufiche asijisikie mnyonge. Wapo wanaompitishia mume noti chini ya meza hotelini ili mbele ya mashemeji bili ailipe yeye. Wapo wanaonunua kiatu kikalala kwenye droo ya ofisi wiki nzima, kisha wakakivaa na kusema ni cha zamani. Kiatu cha hela yao wenyewe, waliyoitolea jasho.

Na si kwamba sheria imenyamaza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inampa mume wajibu wa kumtunza mke, na inamtaka mke mwenye uwezo amtunze mume pale afya inapomzuia kutafuta riziki. Inasema pia kwamba ndoa yenyewe haimnyang'anyi mtu mali yake. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed, ilikubali kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya wanandoa. Tunashukuru. Lakini mgawanyo wa mali unajadiliwa watu wakishaachana. Sisi ambao bado tunapika chungu kimoja hatuna pa kuyasemea.

Mtu atasema tuna vikoba. Ndiyo, na kwenye kikoba hesabu zinasomwa kwa sauti: hisa, mfuko wa jamii, marejesho, faini. Aliyechelewesha rejesho anatajwa jina, anatozwa, tunasonga mbele. Kwa nini amechelewa, hakuna anayemuuliza. Mwenzetu alikopa akasema ni mtaji wa vitenge, kumbe analipia kodi ya nyumba ya kaka yake. Mwingine alikimbilia mikopo ya kausha damu, na sisi tuliokaa naye kila Jumapili tulijua siku wakopeshaji walipokuja kubeba friji lake.

Hela ingekuwa hela tu, tungebana matumizi yakaisha. Lakini inatukaa moyoni. Simu ikiita usiku tunashtuka kabla hatujaangalia jina. Tukisema hatuna, tunalala na hatia. Tukisema tunayo, tunaamka na deni. Presha inapanda tukiwa na umri ambao mama zetu walikuwa bado wanalima. Daktari anauliza tuna mawazo gani, tunamjibu ni uchovu wa kazi.

Siku hizi baadhi yetu wameanza kulisema. Wakati wa chakula cha mchana mmoja anataja mshahara wake, mwingine anataja deni lake, wa tatu anasema amekuwa akimdanganya mume bei ya kila kitu tangu waoane, na machozi yanamtoka akiwa ameshika kijiko. Hakuna anayemcheka. Mficha uchi hazai, na sisi tumeficha muda mrefu. Deni halijapungua kwa kulitaja, ila mwenye nalo siku hiyo amelala usingizi.

Tunachoomba ni hicho tu, kusema nyumbani kama tunavyosemeshana mezani pale: tuna kiasi hiki, kinatosha hili, lile hapana. Wanasema tukianza hivyo tutakuwa tumebadilika. Ni kweli, tumechoka.