Saa za Leba Zihesabiwe, Mzazi Asisingiziwe

Mwanamke akishikwa na uchungu kutwa kucha na mtoto hatoki, minong'ono huanza barazani. Huyu atasema mzazi ni mvivu wa kusukuma. Yule atasema alitoka nje ya ndoa, basi na ataje majina ya wanaume ili njia ifunguke. Wapo hata wanaomkorogea mitishamba ya kuzidisha uchungu. Nasema bila kuuma maneno: mambo hayo yanaua. Mara nyingi kisa ni maumbile tu. Kichwa cha mtoto hakipiti katika nyonga ya mama, ama kwa ukubwa wake, ama kwa jinsi kilivyogeuka. Wakunga huuita uchungu pingamizi. Maungamo hayapanui mfupa, na dawa ya kuongeza uchungu penye kizuizi yaweza kuupasua mfuko wa uzazi.

Mtu atauliza: kama ni jambo la mfupa, mbona nyonga isipimwe mapema kliniki, tukajua moja? Swali ni la haki. Wataalamu wamejaribu kupima kimo cha mama, ukubwa wa viatu vyake, hata kumpiga eksirei, na hakuna kipimo kilichotoa jibu la kutegemewa peke yake. Mifupa ya fuvu la mtoto haijashikamana, hivyo kichwa hubonyea kikajipunguza kinapopita; maungio ya nyonga nayo hulegea wakati wa mimba. Mama mfupi aweza kuzaa salama, na mwenye maungo mapana akakwama. Kipimo cha kweli ni uchungu wenyewe. Kwa hiyo wajibu wetu si kubashiri. Ni kuhakikisha kila mzazi anaangaliwa saa kwa saa, mahali ambapo upasuaji unafikika.

Kazi hiyo ina chombo chake, nacho ni karatasi moja: patografu. Watafiti Philpott na Castle waliitengeneza mwaka 1972 mjini Salisbury, ambao leo ni Harare, kwa ajili ya wakunga walio mbali na daktari. Mkunga hutia alama ya X kuonyesha mlango wa kizazi unavyofunguka, na duara kuonyesha kichwa kinavyoshuka. X zikipanda na maduara yakishuka, ni heri. Uchungu ukiwa mkali na duara likaganda pale pale, huo ni wito wa rufaa, hata kama mama bado ana nguvu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mpya, kwa kuwa si wanawake wote hufunguka kwa mwendo mmoja. Lakini msingi wa kuangalia na kuandika umebaki.

Wengine hupinga: hospitali hukimbilia kisu. Ni kweli kwamba upasuaji usio wa lazima una madhara, na kovu lake huandamana na mimba zinazofuata. Lakini katika uchunguzi wa Shirika hilo uliotangazwa mwaka 1994, kwa wanawake zaidi ya 35,000 wa Indonesia, Thailand na Malaysia, baada ya patografu kutumika leba za zaidi ya saa 18 zilipungua kutoka asilimia 6.4 hadi 3.4, na upasuaji wa dharura ukashuka kutoka asilimia 9.9 hadi 8.3. Wengine husema bibi zetu walizaa nyumbani. Naam, waliopona ndio waliosimulia. Wengine walizikwa na watoto wao. Wengine kichwa cha mtoto kiliminya kibofu chao kwenye mfupa hadi nyama ikakosa damu ikafa, wakabaki na fistula, mkojo ukiwatiririka mchana na usiku.

Basi, enyi waume na wakwe, mimba ingali changa wekeni akiba ya nauli na mpatane na mwenye gari. Anayeishi mbali na asogee karibu na hospitali kabla siku hazijatimia. Enyi wakunga, jazeni karatasi leba inapoendelea, wala si baada ya mtoto kuzaliwa. Enyi viongozi, zahanati isiyo na gari la kupeleka rufaa imeachiwa nusu ya kazi. Na uchungu ukirefuka, tusiulize mzazi alilala na nani. Tuulize: leba ilianza saa ngapi, na kichwa kimeshuka kiasi gani?