AMANA ZETU NA BENKI



Msimu wa karafuu ukifika, fedha za wengi wetu hupita benki. Na wengi wetu twadhani kuwa mtu akishaweka fedha zake huko, shauri limekwisha. Yaliyobaki ni ya meneja na makarani wake. Sisi twaona fikira hiyo si sawa. Sehemu kubwa ya fedha ambazo benki huzikopesha si zake, ni amana zetu. Kwa hiyo mweka amana anayo sauti, ila sauti isiyotolewa haisikiwi.

Natutazame Arusha, chini ya Mlima Meru, ambako wako wakulima wanaoitegemea kahawa kama sisi tunavyoitegemea karafuu. Baada ya Azimio la Arusha la Februari 1967, benki za watu binafsi zilitaifishwa, ikaundwa Benki ya Taifa ya Biashara. Kwa miaka zaidi ya ishirini mkulima wa Meru hakuwa na pengi pa kwenda. Akichoka na foleni, alirudi foleni ile ile. Mikopo mingi ilipewa mashirika yasiyoweza kulipa, wala mweka amana hakuweza kusema, "Natoa changu, naenda kwingine." Sheria ya 1991 ndiyo iliyofungua mlango kwa benki nyingine.

Lakini mlango kuwa wazi hautoshi. Tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ilizifunga benki tano kwa upungufu wa mtaji, na moja ilikuwa Meru Community Bank. Siku zile Bodi ya Bima ya Amana ilimlipa kila mweka amana si zaidi ya Shs. 1,500,000, mwenye zaidi alingoja mali ya benki ikusanywe. Baadaye kiwango kilipandishwa hadi Shs. 7,500,000. Hatuwalaumu waliokuwa na fedha humo. Twajiuliza sisi wenyewe: benki hutakiwa kutangaza hesabu zake magazetini kila miezi mitatu, ni nani kati yetu amepata kuzisoma? Gazeti lile lile hufungiwa karanga.

Wako watakaosema, "Tukisikia hatari tutakwenda kutoa fedha zetu." Hilo si shauri jema. Fedha ziko nje kwa waliokopa, na watu wakikimbilia dirishani kwa pamoja, hata benki nzima huanguka. Wa mjini hupata, na mjane wa shamba hufika pamekwisha fungwa. Afadhali kuuliza mapema kuliko kukimbia baadaye.

Na kuuliza kwafaa. Waislamu wengi walikataa kuweka fedha penye riba. Basi Amana Bank isiyo na riba ilianza mwaka 2011, na benki za zamani, Benki ya Watu wa Zanzibar ikiwa miongoni mwao, zikafungua huduma za namna hiyo. Twaamini hazikufanya hivyo kwa hisani tu. Ziliona fedha zimekaa majumbani, zikazitaka.

Kwa hiyo twaleta shauri hili mbele ya Mkutano Mkuu. Benki inayoweka mfuko wa Chama chetu iombwe kila mwaka kumtuma mtu wake aje kutujibu maswali matatu: Mtaji wenu ni kiasi gani? Katika kila shilingi mia mlizokopesha, ngapi hazilipwi? Na wakulima wamekopeshwa ngapi? Akijibu vizuri, tutamshukuru na kuendelea naye. Asipotaka kujibu, tutahamisha mfuko wetu kwa utaratibu, bila ya kelele wala fitina.

Mtu mmoja mwenye pishi mbili za karafuu akiuliza, huambiwa arudi kesho. Chama kizima kikiuliza, meneja huvuta kiti. Tusione haya kuuliza habari za kilicho chetu. Wazee wetu walisema, mali bila daftari hupotea bila habari.



Katibu wa Chama